Nyumba ya Babu Mkuu na Kesi ya Ndugu Wawili wa Bengal

Ugomvi ulianza kwenye grupu la familia la WhatsApp, saa nne usiku hapa London. Kule Mombasa ilikuwa imeshafika saa saba, lakini nani analala kukiwa na maneno?

Binamu yangu wa Toronto aliandika kwamba nyumba ya Mji wa Kale iuzwe, kila mtu apewe chake. Hakuandika kwa ubaya. Baba yake anaumwa, ana madeni, na ile nyumba inaozea pale pale na bati linavuja. Ami yangu, ambaye ndiye anayeiangalia, akajibu kwa sauti, dakika nne nzima: "Nyumba ya wakfu haiuzwi, wanangu. Mwataka kuuza kisichokuwa chenu?" Binamu akatuma picha ya ukurasa mmoja alioupata mtandaoni. Ulisema mahakama kuu ya Waingereza iliamua zamani kwamba wakfu wa familia si kitu. "Ami, kwa heshima zote, hili lilishaamuliwa."

Halafu shangazi akaniandikia mimi. "Wewe si wakili? Mbona kimya?"

Kweli mimi ni wakili, ila kazi yangu ni kuhamisha umiliki wa nyumba za Waingereza. Wakfu niliusoma chuoni kwa nusu saa hivi, labda. Nikajibu, "Nipeni wiki moja." Wiki ikawa miezi miwili, na hicho ndicho kisa cha leo, manake nilichokikuta kimenifunza mfumo wa sheria wa Uingereza kuliko miaka yote ya digrii.

Kwanza, hiyo karatasi

Babu mkuu aliijenga nyumba na kuiweka wakfu. Ametoa maelezo kwa Kiarabu, kwenye karatasi ambayo ami ameitunza ndani ya kopo la biskuti. Inasema hivi, kwa ufupi: nyumba isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Watoto wake wakae humo au wale kodi yake, kisha watoto wao, kisha wajukuu, kizazi baada ya kizazi. Kizazi kikimalizika, nyumba iwe ya msikiti na maskini.

Ukikulia Pwani, au kwa wazazi wa Pwani, hili halikushangazi. Kuna wakfu wa msikiti, wa kisima, wa makaburi, na kuna huu wa familia. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Mombasa, wakfu wa namna hii unakubalika. Sasa mahakama ya Uingereza iliingiaje hapa?

Sheria inayotoka mdomoni mwa jaji

Wengi wetu tunadhani sheria ni kitabu. Bunge linaandika, jaji anafungua ukurasa, basi. Ziko nchi ambazo mfumo wake unakaribia hivyo, kama Ufaransa na sheria zake zilizopangwa kwenye vitabu vikubwa. Uingereza ilienda njia nyingine.

Karne ya 12, wakati wa Mfalme Henry II, majaji wa mfalme walikuwa wakizunguka nchi kusikiliza kesi. Kila mahali palikuwa na mila zake. Polepole wale majaji wakaanza kuamua mambo yanayofanana kwa namna inayofanana, na sheria ile ikawa ni ya nchi nzima, ya wote kwa pamoja. Ndiyo maana ya jina komoni loo: sheria ya pamoja. Haikutungwa siku moja. Ilikua kesi kwa kesi, kila hukumu ikiegemea iliyotangulia.

Sheria hiyo ilipokuwa ngumu mno, watu walimwendea mshauri mkuu wa mfalme, na kwake zikazaliwa kanuni za uadilifu za kulainisha ugumu ule. Kisha kuna bunge, ambalo sheria zake ziko juu ya hayo yote mawili. Kwa hiyo vyanzo ni vitatu: hukumu za majaji, kanuni za uadilifu, na sheria za bunge.

Ili mfumo huu usiwe vurugu, unahitaji kanuni mbili. Ya kwanza: mahakama ya chini inafungwa na uamuzi wa mahakama iliyo juu yake, hata kama jaji wa chini anaona umekosewa. Ya pili: bunge likitunga sheria inayopingana na hukumu, hukumu inakufa. Zishikeni hizi mbili, manake kesi yetu yote imo humo.

Ngazi iliyofika mpaka London

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Ule ukanda wa Pwani, maili kumi kutoka baharini, ulibaki kwa jina ni wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakiulipia. Mwaka 1897 ikaja amri ya malkia iliyoweka mahakama na kuleta sheria nyingi kutoka India. Mpaka leo tarehe 12 Agosti 1897 imo ndani ya sheria ya Kenya. Sheria ya mahakama ya mwaka 1967 inasema komoni loo, kanuni za uadilifu na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku ile zinatumika Kenya, kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Yaani kuna siku moja ambapo sheria ya Uingereza ilipigwa picha, na picha ile ikatundikwa Nairobi.

Ngazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini kabisa, kwa Waislamu wa Pwani, walikuwepo kadhi, liwali na mudiri. Juu yao majaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1902 ikaongezwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki, iliyopokea rufaa kutoka nchi kadhaa za eneo letu. Na kileleni kabisa ilikuwa Privy Council, baraza la washauri wa mfalme, lililokaa Downing Street, jirani na waziri mkuu. Kiutaratibu wale hawakuwa hata wakitoa hukumu. Walikuwa wakimshauri mfalme, na mfalme akifuata.

Baraza lile lilipokea rufaa kutoka sehemu nyingi za dola. Asubuhi ugomvi wa shamba la India, wiki nyingine mkataba wa Australia, kisha nyumba ya Mombasa. Watu wale wale wachache, meza ile ile.

Hebu fikiria nafasi ya kadhi. Ameisoma fikihi tangu utotoni, anaisoma kwa lugha yake, na anawajua watu wanaosimama mbele yake. Lakini kila aliye juu yake kwenye ngazi ni mtu aliyesomea sheria ya Kiingereza. Kitabu ambacho majaji wa Afrika Mashariki walikitumia sana kuijua sheria ya Shafii kilikuwa Minhaj cha Imamu Nawawi. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka 1914, na ilifanywa kutoka tafsiri ya Kifaransa, iliyotoka kwenye Kiarabu. Ndiyo hiyo ngazi: kadhi chini na kitabu chenyewe, jaji juu na tafsiri ya tafsiri, na neno la mwisho ni la jaji.

Ndugu wawili wa Bengal

Sasa tuondoke Mombasa kidogo. Karne ya 19, ndugu wawili Waislamu wa Bengal waliweka mali yao wakfu. Masharti yalifanana sana na ya babu mkuu: watoto, wajukuu, vizazi, na mwishoni kabisa maskini. Ugomvi ukazuka, kesi ikapanda mpaka Downing Street, na mwaka 1894 Lord Hobhouse akasoma uamuzi. Wakfu haufai. Alichokiona ni kwamba wale maskini wametajwa kwa jina tu. Ili senti moja iwafikie, ukoo mzima lazima utoweke kwanza. Kwa hiyo sadaka hii ni ya kivuli, na lengo halisi ni kuitukuza familia.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, kisha nikajaribu kuielewa. Majaji wa Kiingereza walikuwa na woga wa zamani wa mali kufungwa milele na mtu aliyekwisha kufa. Tangu kesi maarufu ya Duke of Norfolk ya mwaka 1682, walikuwa wameweka kikomo: marehemu asiitawale mali kwa muda usio na mwisho. Na sadaka, kwao, ilikuwa lazima itoke nje ya nyumba yako. Ukimpa mwanao, hiyo si sadaka, hayo ni mambo yenu.

Kwa Muislamu mambo ni tofauti. Kumlisha ndugu yako mwenyewe ni sadaka, tena ya mwanzo. Jaji mmoja Muislamu wa Calcutta, Syed Ameer Ali, alikuwa ameshalieleza hili kwa kirefu mwaka 1892 katika kesi nyingine, akiwa peke yake dhidi ya wenzake. Lord Hobhouse aliyasoma maelezo yake na kuyaweka kando. Cha ajabu, mwaka 1909 Ameer Ali huyo huyo akawa Mhindi wa kwanza kukaa kwenye Privy Council. Lakini uamuzi wa 1894 ulikuwa umeshaandikwa, nao haufutiki kwa sababu mwenye hoja nzuri ameingia mlangoni.

Uliondolewa kwa njia nyingine. Kule India, Muhammad Ali Jinnah alifikisha mbele ya baraza la kutunga sheria mswada wa kuhalalisha wakfu wa familia, na mwaka 1913 ukapita. Ile kanuni ya pili: sheria iliyotungwa inaizima hukumu. Waislamu wa India wakapumua.

Lakini Mombasa haikuwa India

Hapa ndipo nilipogundua kwamba ule ukurasa wa binamu yangu haukuwa uongo.

Sheria ya 1913 ilikuwa ya India, kwa ajili ya India. Haikugusa Pwani yetu. Lakini hukumu ya 1894 ilitoka kileleni mwa ngazi ambayo sisi pia tulikuwa chini yake. Ikawa hivi: hukumu iliyozaliwa India ilikufa India, huku ikiendelea kuishi kwetu.

Mwaka 1946 Mahakama ya Rufaa ilipata kesi kutoka Zanzibar kuhusu wakfu wa familia. Zanzibar, jamani, nchi ya Sultani Muislamu, ambako wakfu umejaa kila mtaa. Mahakama ikafuata uamuzi wa 1894. Wakfu ukaanguka.

Kisha ikaja kesi ya Kenya, inayojulikana kwa jina la ukoo wa Bakhshuwen, iliyochapishwa kwenye ripoti za kesi za 1952. Hii ilifika mpaka Downing Street. Hoja ya upande wa wakfu ilikuwa nyepesi kuieleza: watu hawa ni Mashafii wa Afrika Mashariki, si Mahanafi wa Bengal, na kwa sheria yao wakfu huu ni halali. Baraza likajibu kwamba uamuzi wa 1894 ulihusu sheria ya Kiislamu kwa jumla, na kwamba mabadiliko ya 1913 yalikuwa ya India peke yake. Kwa hiyo Kenya inafungwa.

Niliisoma nikiwa kwenye treni, nikapitiliza kituo changu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kwenye sheria anayejua zaidi ndiye anayeshinda. Kadhi yeyote wa Mombasa alijua jibu sahihi la fikihi. Lakini mfumo haukuuliza jibu sahihi ni lipi. Uliuliza nani aliyesema mwanzo, na alikuwa amekaa ngazi gani.

Mlango wa pili

Kama ningeishia hapo, binamu angekuwa ameshinda. Nilikuwa nimeshaanza hata kuandika ujumbe wa kumwambia ami pole.

Halafu nikakumbuka ile kanuni ya pili, nikaanza kutafuta sheria zilizotungwa badala ya hukumu. Kumbe watu wa Pwani hawakukaa kimya. Zanzibar ilipata dikrii yake ya kuthibitisha wakfu. Na Kenya, mwaka 1951, karibu wakati ule ule ambapo wazee wa Downing Street walikuwa na faili la Bakhshuwen mezani, ilipata sheria ya Makamishna wa Wakfu. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba wakfu uliowekwa na Muislamu kwa ajili ya familia yake, uwe umewekwa kabla ya sheria hiyo au baada yake, ni halali, ilimradi mambo mengine yafuate sheria ya Kiislamu na mwisho wa faida uwe ni kwa maskini au kazi nyingine ya kudumu ya dini au hisani. Na kwamba mgao wa maskini kusubiri mpaka ukoo umalizike si sababu ya kuubatilisha.

Soma tena hapo mwisho. Ni jibu kwa Lord Hobhouse, neno kwa neno, miaka 57 baadaye.

Kwa hiyo binamu alikuwa amepata hukumu ya kweli, kutoka mahakama ya kweli, ya juu kabisa. Alichokosa ni kuuliza kama kuna kilichokuja baada yake. Picha ya ukurasa haina tarehe ya kufa.

Ngazi ya leo

Ngazi ile imeshabadilika. Kenya ilipokuwa jamhuri, njia ya kwenda Downing Street ikafungwa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 pamoja na jumuiya yetu ya zamani, kila nchi ikaunda yake. Tangu katiba ya 2010, Kenya ina Mahakama ya Juu kileleni, chini yake Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama Kuu, kisha mahakama za mahakimu na za makadhi. Privy Council yenyewe bado ipo. Ilihama Downing Street mwaka 2009 na kuingia jengo moja na mahakama ya juu ya Uingereza, mkabala na bunge, na mpaka leo inasikiliza rufaa za nchi kama Jamaica na Mauritius. Ukiwa London unaweza kuingia na kukaa nyuma bure. Mimi nilienda siku moja wakati wa chakula cha mchana. Kiti kilikuwa laini, nikawaza ile safari yote ya meli kutoka Mombasa.

Na kadhi? Katiba ya Kenya inampa kesi za hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Rufaa kutoka kwake bado inaenda Mahakama Kuu. Lakini sheria inataka rufaa hiyo isikilizwe huku Kadhi Mkuu, au makadhi wawili, wakikaa na jaji kama washauri. Si kwamba kadhi amepanda ngazi. Ila angalau sasa kuna mtu chumbani anayekisoma kitabu chenyewe.

Nilichowaambia nyumbani

Niliandika ujumbe mrefu kwenye grupu, kwa Kiswahili, kwa sababu ami hapendi kutafsiriwa. Nikasema mimi si wakili wa Kenya, kwa hiyo jibu la mwisho si langu. Nikasema hukumu ya binamu ni ya kweli, lakini sheria ya 1951 imepita juu yake. Kwa hiyo swali limerudi kwenye kopo la biskuti: je, karatasi ya babu mkuu inatimiza masharti?

Tukachanga, tukampata wakili Mombasa anayesoma Kiarabu. Aliisoma karatasi mbele ya ami, mara mbili. Mstari wa msikiti na maskini, ule ambao Lord Hobhouse angeuita kivuli, ndio uliobeba nyumba nzima. Kwa maoni yake wakfu umesimama, na nyumba haiuzwi.

Ami hakushangilia. Alisema tu, "Haya. Sasa bati."

Binamu alitoka kwenye grupu wiki mbili. Simlaumu. Madeni ya baba yake hayakulipwa na historia ya sheria, na mwisho tulimchangia tulichoweza, ambacho hakikutosha. Babu mkuu aliwalinda watu ambao hajawaona, na kwa kufanya hivyo aliwafungia mlango wengine ambao pia hajawaona. Pengine Lord Hobhouse alilihofia hilo hilo. Nakubaliana naye hapo, na bado nafurahi kwamba hakuwa na neno la mwisho juu ya nyumba yetu.

Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya hukumu saa nne usiku, usiogope na usikubali haraka. Muulize maswali matatu: nani aliamua, alikaa ngazi gani, na je, kuna sheria iliyotungwa baada ya hapo? Halafu, kabla ya yote, waulizeni wazee wenu kama kuna karatasi, iko wapi, na nani anaweza kuisoma. Ya kwetu ilikuwa kwenye kopo, chini ya sindano na nyuzi. Mkiipata ya kwenu, tuandikieni. Kipindi kijacho ami amekubali kuja kuzungumza, kwa sharti kwamba nisimkatize.